Upande wa Kushoto wa Kioo

Asubuhi ile Milimita aligombana na mlango. Si kwa utani. Aliusimamia mikono kiunoni na kuuliza kwa sauti nani aliyeusogeza. Ulikuwa mlango wa karakana, wa chuma, uliochomelewa na marehemu baba yake kabla yeye hajang'oa meno ya utoto, na tangu siku hiyo haujawahi kuhama hata kidogo. Lakini ulikuwa umempiga tena bega la kushoto, bega lilelile ambalo alama yake ya zambarau ilikuwa haipewi nafasi ya kupona.

"Nani kauacha mlango nusu?"

"Uko wazi wote, dada," mdogo wake akajibu kutoka kwenye msumeno wa alumini. "Umefunguka mpaka mwisho. Labda tubomoe ukuta."

"Bomoa ulimi wako kwanza."

Jina la Milimita alipewa na wateja, naye akalipokea kama cheo. Katika karakana yao ya vioo hakuna kilichotoka na kosa la kuzidi milimita moja, liwe dirisha la choo au kabati la duka la saa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kujibu, aliyezaliwa wa kwanza na asiyemwacha mtu asahau hilo. Mume aliwahi kuwepo, wakaachana kwa salama, na hilo si la hadithi hii. Aliishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana, mdogo wake na mkewe wakaishi juu, na mchana kutwa wote watatu walikuwa chini wakipumua vumbi la kioo na harufu ya silikoni.

Sasa kwa miezi kadhaa vitu vilikuwa vimemchukia. Kiti kilimvizia ubavuni. Ndoo ya gundi ilimtega mguu. Kikombe cha chai alichokiweka mwenyewe mezani kilikuwa kinapotea, na akinyoosha mkono kukitafuta, anakimwaga. Mwenzangu na mimi tungeanza kujishuku. Milimita alishuku watu. Kila siku palikuwa na kesi: nani kaweka hiki hapa, nani kahamisha kile, nyumba hii haina adabu. Mdogo wake alizoea kuhukumiwa kwa makosa ya viti. Wote walidhani ni umri, maana alikuwa na miaka arobaini na kitu, na hicho kitu alikuwa hakitaji.

Kuna jambo la kazi yao lazima nilieleze hapa, la sivyo yanayofuata hayatakuwa na maana. Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili waliofuatana, kioo kimesimama ubavuni kwao, upande wa kushoto, mkono mmoja chini na mwingine juu. Karakana ile ilimwita wa mbele kichwa na wa nyuma mkia. Kichwa ndiye anayeona njia, na hutaja kila kinachokuja: kizingiti, ngazi, dimbwi, mtu. Mkia hufuata. Na mkia haongei kioo kikiwa hewani. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, aliyewahi kupoteza dirisha zima la benki kwa sababu yeye alisema kulia na wa nyuma yake akasema subiri. Tangu hapo sauti ikawa moja tu.

Baba alipofariki, Milimita alishika kichwa. Mkia akawa wifi yake, mke wa mdogo wake, mwanamke mfupi, mpole, aliyekuja pale kama bibi harusi akaishia kuwa fundi. Mawifi wengi hutafutana ubaya. Hawa damu yao iliivana tangu siku ya kwanza, kwa sababu mmoja alipenda kusema na mwingine hakujali kusikia. Wakibeba kioo barabarani watu waliwapisha kama wanapisha maharusi, Milimita akitangulia kidevu juu, akitangaza kila jiwe.

"Tangu nishike kichwa," alikuwa akimwambia kila mteja, aulizwe asiulizwe, "sijavunja kioo hata kimoja. Nenda kaulize mji mzima."

Ilikuwa kweli. Na angeendelea kuisema mpaka leo kama wifi yake asingepata ruhusa ya kwenda kwao kumwuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga.

Kazi haikusubiri nyonga ya mtu. Duka la viatu la mtaa wa pili lilikuwa limeagiza kioo kipya cha mbele, kile cha usalama, kinene, ambacho hukatwa kiwandani na kuletwa kimekamilika. Mdogo mtu akasema atashika mkia yeye. Alikuwa na mabega mapana kuliko mawifi wote wawili wakiunganishwa, na kuhusu sheria hakuwa na shida: alishazoea kunyamaza mbele ya dada yake.

Walishuka kutoka kwenye gari, wakavuka njia ya miguu. "Ukingo," akasema Milimita. "Panda. Sawa. Nyoosha." Mwenye duka alikuwa amesogeza rafu zote za viatu, maana kioo kingefungwa kutokea ndani, na amesimama humo akitabasamu. Mlango ulikuwa mpana, mtu angepitisha jeneza na waombolezaji wake. "Kizingiti," akasema Milimita, akainua mguu, na kona ya mbele ya kioo ikaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kushoto ya mlango.

Kioo cha aina ile hakivunjiki vipande. Kinamwagika. Kufumba na kufumbua mikono yao ilikuwa haijabeba kitu, na kuanzia kizingitini mpaka kwenye viatu vya watoto sakafu ilikuwa imejaa punje zinazometa, kama mtu amepasua gunia la chumvi ya mawe. Hakuna aliyeumia zaidi ya mkwaruzo kwenye shingo ya mdogo mtu.

"Nguzo hii imepinda," Milimita akasema.

Alichomoa futi kamba yake akaupima mlango, juu, katikati na chini, magoti yakiwa juu ya punje. Mlango ulikuwa sawasawa kabisa. Aliupima tena.

"Mama," mwenye duka akasema taratibu, maana alikuwa mtu muungwana na aliona anachokiona si cha kawaida, "hukuigusa ile nguzo kwa bahati mbaya. Uliiendea kana kwamba haipo."

Milimita alisimama. Alirudi nyuma hatua chache mpaka pale alipokuwa ameanza kusema kizingiti, akatazama mbele, katikati ya mlango. Aliona kaunta, akaona nguzo ya kulia, akaona mwenye duka. Nguzo ya kushoto hakuiona. Hapakuwa na giza wala ukungu mahali pake. Hapakuwa na kitu, na macho hayakulalamika. Akageuza kichwa kidogo tu upande ule, na nguzo ikatokea. Akarudisha kichwa, ikaondoka. Alifanya hivyo mara nyingi, kichwa kikienda na kurudi, na mdogo wake akimtazama alianza kuogopa.

"Jicho la kushoto limekufa," Milimita akatangaza hatimaye. "Kumbe ni miwani tu. Twende."

Kwa hiyo alikwenda na mdogo wake kliniki ya macho akiwa na moyo mkunjufu, maana miwani ni jambo dogo, hata madereva wanavaa. Mpimaji alimkalisha mbele ya mashine iliyofanana na bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu, akamwegemeza kidevu, akamziba jicho moja, akampa kitufe mkononi. Tazama nukta ya katikati, usihame, akaambiwa. Kila ukiona taa ndogo, bonyeza.

Milimita alikuwa mtu wa kazi za uangalifu na alibonyeza kwa bidii. Taa zikaja, zikaja, kisha zikanyamaza muda mrefu, zikaja tena. Jicho la pili vilevile. Alipomaliza alikuwa amekasirika.

"Dada, mashine yenu mbovu. Taa zinatoka upande wa kulia peke yake. Za kushoto zimeungua."

Mpimaji hakucheka. Alitoa karatasi mbili, moja ya kila jicho, akaziweka sambamba mezani. Kila moja ilikuwa na duara, na kila duara lilikuwa jeusi upande wa kushoto karibu nusu nzima, na jeupe upande wa kulia.

"Jicho lako la kushoto halijafa," akasema. "Lingekuwa limekufa, karatasi moja ingekuwa nyeusi na nyingine nyeupe. Hapa macho yote mawili yamepoteza upande uleule. Macho yenyewe nimeyakagua, ni mazima. Nitakuandikia uende ukapigwe picha ya kichwa."

Hapo Milimita alimpa mdogo wake mkono waondoke, na mdogo wake, ambaye hakuwahi kupewa mkono na dada yake tangu wakivushwa barabara kwenda shule, aliushika akakaza.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeongea bila haraka. Alibandika picha mbele ya taa na kuwaonyesha ubongo wa Milimita, wa kijivu, wenye madoa meupe machache. Aliuliza kama kuna wakati mguu ulikufa ganzi. Milimita akakubali: mwaka uliopita, wiki kadhaa, ukapona wenyewe, akasahau. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anasubiri jibu hilo.

"Ugonjwa huu unaitwa maltipo sklerosisi," akasema.

"Jina refu hivyo?" akasema Milimita. "Utafikiri treni ya mizigo."

"Kinga ya mwili, badala ya kupigana na wadudu, inashambulia ngozi laini inayofunika nyaya za ubongo. Pale iliposhambulia panabaki kovu. Haya madoa ndiyo makovu." Akaweka kidole juu ya moja, nyuma, upande wa kulia. "Hili ndilo lililokuchukulia kushoto kwako. Vinavyoonekana kushoto, kutoka macho yote mawili, husafirishwa kwenda kusomwa nyuma ya kichwa upande wa kulia. Njia imekatika hapa. Na ubongo hauna tabia ya kukuonyesha shimo. Unaendelea na ulichonacho kana kwamba ndiyo dunia nzima."

Milimita aliuliza kama atakufa. Hapana. Aliuliza kama atapofuka. Daktari akasema hatapofuka kwa doa hili. Kuna dawa ya dripu ya kutuliza uvimbe, kisha dawa ya kutumia muda mrefu ili mashambulizi mengine yapungue. Upande wa kushoto unaweza kurudi kiasi, unaweza usirudi. Atafundishwa kugeuza kichwa, kuutafuta kwa makusudi. Wengi wanaishi vizuri hivyo.

"Mimi ni fundi wa vioo," Milimita akasema. Hilo ndilo alilokuwa amelishikilia tangu asubuhi. "Nabeba vioo. Nakuwa mbele. Nitabeba?"

"Mbele, hapana," daktari akasema. "Sitakudanganya. Mtu anayewaangalizia wenzake njia lazima aone pande zote." Kisha akakunja uso, akarudi kwenye picha. "Lakini kuna kitu sikielewi. Doa hili si la wiki hii. Kwa hayo unayoniambia ya bega na chai, ni miezi sasa. Miezi yote hiyo ulikuwa unabeba?"

"Kila siku."

"Na hukuvunja?"

"Mpaka juzi, hata kimoja."

"Sijui ulifanyaje," daktari akasema, na kwa kweli alionekana hajui.

Dripu zilikwisha, Milimita akarudi nyumbani mdomo ukiwa na ladha ya chuma na mwili ukiwa mzito. Huko akakuta mdogo wake ameshapanga maisha. Alikuwa amenunua kiti cha kuzunguka, chenye magurudumu, akakiweka karibu na simu.

"Utapokea oda, dada. Utakata vioo vidogo hapa mezani, taratibu, hakuna wa kukuharakisha. Kubeba tutatafuta mtu."

Alisema kwa upendo, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Milimita alikizungusha kile kiti kwa kidole.

"Mnaniweka hapa kama ua la plastiki."

"Dada, jamani."

"Fundi wa vioo asiyebeba kioo ni karani. Sema tu nimemwaga unga, tuelewane."

Hakukaa kwenye kiti. Alikwenda chumbani kwake, akageuza kichwa kutafuta kitasa, akafunga mlango, akalia. Si ubongo aliokuwa akiulilia. Alikuwa akililia mtaa mzima unaowapisha, na kidevu juu, na sauti yake ikitaja mawe. Akivuliwa kazi ataendelea kuwa dada mkubwa wa nani?

Wifi yake alirudi wikiendi ile, nyonga ya mama yake ikiwa salama. Alishuka na begi lake, akasimuliwa yote na mumewe ngazini, na hakupanda juu. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akamkuta Milimita anakwangua silikoni kavu mezani kwa wembe, kazi isiyo na haraka wala maana.

Wakakumbatiana. Wifi yake alinukia safari na sabuni ya hospitali. Akavuta stuli akakaa, upande wa kulia, maana mumewe alikuwa amemweleza.

"Daktari mwenyewe kashangaa," Milimita akamwambia. Lilikuwa ndilo jambo pekee la kujivunia lililobaki, na alilitoa kwa uangalifu. "Miezi yote ile niko mbele, nusu ya dunia sina, na sikugusa mlango hata mmoja. Anasema hajui nilifanyaje. Nafikiri mikono inajua yenyewe, wifi. Mikono ya baba."

Wifi yake alichukua kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

"Wifi, nina neno, na utanikasirikia."

"Sema."

"Ulikuwa unakwenda kushoto. Kila mlango. Unaanza katikati, tukikaribia nauona mgongo wako unavutwa kushoto, kidogo kidogo. Basi mimi nikawa nakurudisha."

"Unanirudishaje?"

"Kwa kioo." Akanyoosha mikono yake miwili hewani, mmoja chini, mmoja juu, na viganja vikasukuma kitu kisichokuwepo, kwa upole, kuelekea kulia. "Hivi. Nasukuma mpaka nikione kimenyooka. Nilianza wakati wa ile kazi ya saluni, pale uliposema mguu unakuchosha. Nikafikiri ni mguu."

Milimita aliweka wembe chini. Alikuwa amekisikia kile kisukumo. Sasa alikumbuka vizuri: kila mlangoni kioo kilimwegemea, naye akakipisha bila kufikiri, akadhani ni uzito wake tu, au ni upepo wa barabarani. Mdogo wake kule duka la viatu hakusukuma kitu, kwa sababu alikuwa mkia mtiifu na hakujua.

"Kwa nini hukusema?"

"Mkia haongei."

"Na kioo kikishatua?"

"Kikishatua, wifi," yule mpole akasema, na macho yakamjaa, "ndiyo zamu yako ya kumwambia mteja kwamba hujawahi kuvunja. Ningeingilia wapi?"

Maneno yale hayakusemwa kwa ukali, na yaliingia kama sindano. Milimita alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, akapakosa. Aliona haya, haya ya kweli yanayochoma masikio. Wateja wote wale. Nenda kaulize mji mzima. Na nyuma yake mwanamke mfupi anasukuma na kunyamaza.

"Ningesema ungekwenda hospitali mapema," wifi yake akasema huku akijifuta. "Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa najiona nakusaidia, kumbe nakufichia ugonjwa wako."

"Na ungesema, ningekusikiliza?"

Walitazamana. Jibu walilijua wote wawili, na wa kwanza kucheka alikuwa Milimita, kicheko cha mafua na machozi, mpaka mdogo wake akachungulia kutoka ngazini kuona nani kafa. Wakamfukuza.

"Basi kichwa ulikuwa wewe muda wote huo," Milimita akasema walipotulia. "Nenda mbele sasa, tuache unafiki. Mimi nitashika nyuma."

"Mimi? Sauti sina, wifi. Nitasema nini?"

"Utasema unachokiona. Mengine niachie mimi."

Walianza mazoezi uani kwa ubao mwepesi wenye ukubwa wa dirisha. Mdogo mtu aliwapangia ndoo, matofali na ngazi ya kukunja, kisha akakaa kwenye kile kiti chake cha magurudumu kutazama, na hivyo kiti kikapata mwenyewe.

"Wifi, samahani," akaanza kichwa mpya, "kama hutojali, naona kama mbele kuna..."

Milimita alikuwa ameshaingiza mguu kwenye ndoo.

"Usiniombe radhi! Nitajie kitu! Ndoo ni ndoo!"

"Ndoo," wifi yake akanong'ona.

"Mtaa wa pili hawajasikia."

"Ndoo!"

"Hapo. Baba angekuajiri."

Kila jioni baada ya kazi walizunguka ua ule na ubao wao, na majirani wakaanza kuegemea ukuta kutazama. Sauti ikakua. Kwanza ikafika kwa Milimita, halafu ikafika kwenye kiti, halafu ikavuka ukuta. Kulikuwa na siku za uchovu mzito wa ule ugonjwa, ambapo Milimita alilala mchana na ubao ukabaki umeegemea ukuta, na hakuna aliyelitia jambo hilo maneno. Upande wa kushoto ulikuwa umerudi kidogo, kwa chini, kiasi cha kuona kikombe. Juu hapakuwa na kitu. Alijifunza kugeuza kichwa kabla ya kufoka, na nyumbani kesi za viti zikapungua.

Siku moja, ubao ukiwa hewani, wifi yake alisimama ghafla katikati ya ua.

"Nitakwenda mbele kwenye kazi ya kweli," akasema bila kugeuka, "kwa sharti moja. Mkia ataongea."

"Sheria ya baba haisemi hivyo."

"Baba hakuwa mkia hata siku moja."

Mdogo mtu aliacha kuzungusha kiti. Milimita alifungua mdomo. Alimkumbuka baba yake, mkali, mpendwa, mgongo wake mpana ukitangulia daima. Na ni kweli, picha zote alizokuwa nazo za baba akibeba kioo zilikuwa za mtu wa mbele.

"Haya," akasema. "Ataongea."

Kioo cha pili cha duka la viatu kilifika kutoka kiwandani. Mwenye duka alipoona nani anashuka mbele na nani nyuma, aliinua nyusi, lakini alikuwa muungwana kama siku zote, akaenda kukunja hata zulia la kufutia miguu. Mdogo mtu aliwasaidia kukishusha kutoka kwenye gari, akahakikisha wamekishika, kisha akawageuzia mgongo na kutazama ukuta wa jirani. Alisema hawezi kuangalia.

"Tunainua," wifi yake akasema. "Tunakwenda."

Wakaenda. Na hapo, kwenye njia ya miguu, katikati ya wapita njia waliosimama kuwapisha, Milimita aligundua kitu ambacho hakuna daktari aliyemwambia, wala uani hakukiona, kwa kuwa uani alikuwa ametingwa na kufundisha. Mbele yake palikuwa na mgongo wa wifi yake, na kandokando kipande cha barabara. Kushoto kwake hakuona kitu, lakini kushoto kwake palikuwa na kioo, na kioo hakionekani hata kwa mwenye macho mazima. Mkia anaona mgongo. Mkia yeyote, wa duniani kote, anaona mgongo tu. Hapa hakuwa amepungukiwa na chochote. Kwa mikono miwili alizisikia hatua za mwenzake zikipita ndani ya kioo, ya kulia nzito kidogo kuliko ya kushoto, na alishangaa kwamba amebebana na mtu huyu miaka yote hiyo bila kujua anavyotembea.

Alifurahi. Sijui njia nyingine ya kulisema. Bega lililokuwa limejikunja kwa miezi likingoja kupigwa na kitu chochote likalegea, likashuka mahali pake.

"Ukingo. Panda," sauti ikasema, na ilisikika mpaka ng'ambo. "Mama mwenye mtoto, tupishe tafadhali. Ahsante. Simama."

Wakasimama. Walikuwa mbele ya mlango wa duka.

"Wifi," Milimita akasema kutoka nyuma.

Tangu lile dirisha la benki, ilikuwa mara ya kwanza mkia wa karakana ile kufungua mdomo kioo kikiwa hewani. Mwenye duka alishika shavu. Mdogo mtu, bado anatazama ukuta, aliacha kupumua.

"Naam?"

"Aproni yako imefunguka."

Mgongo ulitikisika, na kicheko kikapita ndani ya kioo mpaka kwenye vidole vya Milimita. Kikatulia.

"Niache, niko kazini," wifi yake akasema. "Haya. Mlango. Tunaingia katikati. Polepole. Nguzo ya kushoto naiona, iko mbali."

Milimita hakugeuza kichwa kuitafuta.

"Kizingiti," wifi yake akasema.

Milimita akainua mguu, na kizingiti kilikuwa palepale alipoambiwa.